Wiki ya Chokaa

Safari yenyewe siisimulii. Njia ya kwenda Mstarini ni vumbi na mawe kama njia nyingine yoyote, na msafiri anayekusimulia vumbi ujue hana la maana. Naanzia pale nilipoona ajabu ya kwanza: mtu mzima na ndevu zake akitozwa faini kwa kusinzia.

Alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya duka la vitambaa, kidevu kimemdondokea kifuani. Askari akamgusa bega kwa adabu, akamjulisha kwamba amelala ndani ya Ukanda wa Buluu. Kumbe nchi nzima ya Mstarini imegawanywa kwa rangi. Buluu ni mahali pa kufanyia kazi, manjano ni pa kulala, kijani ni pa kupumzika lakini si kulala. Mama anayekaanga maandazi katika Ukanda wa Manjano haruhusiwi kuyauza. Huyagawa bure, na majirani humpa sarafu za shukrani, na ole wake atakayeshukuru pungufu. Mimi nilikula matatu, nikashukuru ipasavyo.

Sasa mjue kwamba mimi ni mpangaji tangu ujana wangu. Nimelala vyumba vya uani, vya darini, vya nyuma ya mashine ya kusaga nafaka. Kwa hiyo nilipoingia mji mkuu nilifanya ninalofanya kila mji: nikauliza chumba cha kupanga. Lo! Watu walinitazama kana kwamba nimewatukania mama zao. Mmoja, bwana nadhifu mwenye kanzu iliyopigwa pasi hadi ikasimama, alinieleza kwa upole. Katika Ukanda wa Manjano, kila kiwanja kina kaya moja, na kaya ni watu wanaokula sufuria moja. Wasio na kiwanja, yaani walimu, wapishi, wauguzi na wafagiaji, hukaa Ng'ambo, upande wa pili wa korongo, na daraja la korongo hufungwa wakati wa magharibi.

"Msidhani hatuwapendi," aliniambia. "Tunawapenda sana. Ila tunawapenda mchana."

Huyo ndiye Bwana Badawi. Mtamsikia tena.

Aliyeniokoa ni jirani yake, Bi Mwanakheri, ajuza mwenye mguu mbovu na ulimi mzima. Nilimwamkia mlangoni, nikamweleza shida yangu.

"Marahaba, na shusha sauti," akanijibu. "Kuanzia sasa wewe ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Ukiulizwa, ulikulia shamba, ndiyo maana huna adabu. Haya, chukua kijiko."

Kijiko kilikuwa kwa ajili ya Mkaguzi wa Sufuria. Bwana huyu hupita kila asubuhi nyumba hadi nyumba, na kila aliyelala humo lazima achovye kijiko chake katika sufuria ya mwenye nyumba mbele ya macho yake. Anayechovya ni ndugu. Mtaa mzima ulikuwa na ndugu wa namna hiyo, na masufuria makubwa ya uji mwepesi ambao hakuna aliyekusudia kuunywa. Nikachovya. Mkaguzi akanitazama, akasema nafanana sana na shangazi yangu.

Nyumbani humo nilimkuta Sikudhani, mkunga wa mtaa, na kisa hiki hasa ni chake. Zamani alikuwa akikaa Ng'ambo kama wenzake. Lakini watoto wa Mstarini, tofauti na wazazi wao, hawajui ratiba ya daraja. Walizaliwa usiku, mkunga yuko ng'ambo, daraja limefungwa, na wanawake walijifungua peke yao huku waume zao wakisoma sheria za ukanda. Wengine hawakuamka. Ndipo Bi Mwanakheri akamchukua, akamlaza katika stoo ya kuni, akampa kijiko. Tangu hapo hakuna mzazi aliyekufa mtaani, na bibi mwenyewe akapata mtu wa kumshika mkono anapoinuka asubuhi. Kila mmoja alimfaa mwenzake.

Kilichowaponza ni jiko. Binti wa Bwana Badawi alishikwa na uchungu, Sikudhani akawasha jiko la pili uani ili maji ya moto yasikatike. Mtoto akatoka salama, akaoshwa, akavishwa. Bwana Badawi akambusu mjukuu wake kwenye paji la uso, akaenda moja kwa moja ofisini kushtaki kwamba nyumba ya jirani ina majiko mawili, na majiko mawili ni kaya mbili. Niliposimuliwa hayo nilitaka nivuke ua nikamwambie neno. Bi Mwanakheri akanikamata shati.

"Tulia, mwanangu. Yule keshaniuliza bei ya kiwanja hiki tangu mwaka juzi. Anajua Sikudhani akiondoka siwezi kukaa peke yangu na mguu huu. Nitauza, na atanunua."

Amri ilikuwa imekwisha toka: Sikudhani arudi Ng'ambo, isipokuwa Bi Mwanakheri apate kibali cha kujenga chumba cha kupangisha uani. Tukaenda sote watatu kwa Mpima Mkuu.

Mpima Mkuu, Bwana Mudathiri, alikuwa mtu mrefu, mtaratibu, asiyekuwa na ubaya wala wema, ila kanuni tu. Kamba yake ya kupimia ilikuwa mezani karibu na chai.

"Ombi la nini?"

"La chumba, mheshimiwa," akasema Bi Mwanakheri. "Cha kumpangisha mkunga."

"Yaani ongezeko."

"Mkunga, mheshimiwa."

"Mkunga ni kazi, na kazi iko Ukanda wa Buluu. Akija kulala kwako ni ongezeko. Kwa lugha ya ofisi hatuna neno jingine la mtu wa namna hiyo."

Sikudhani akanyoosha mikono yake juu ya meza. "Mheshimiwa, watoto wako wote wanne wamepita katika mikono hii. Siku ile hukuniita ongezeko. Uliniita mama, na ulikuwa ukilia."

Mpima Mkuu akakoroga chai yake kwa muda, ingawa haikuwa na sukari. Kisha akatusomea sheria.

Mstarini hawaamini michoro ya karatasi. Wanasema karatasi haina upana wala harufu. Mtu anayeomba chumba huchorewa chumba hicho kwa chokaa palepale uani, kwa ukubwa wake kamili: kuta nne, mlango, dirisha. Tangu chokaa imwagwe, chumba kimesimama. Kuta zipo, paa lipo. Mpangaji ataishi humo wiki nzima, na majirani watakichukulia kuwa kipo. Haruhusiwi mtu kupita ukutani wala kutazama kupitia ukuta. Wiki ikiisha bila mpangaji kuivunja sheria, na jirani akakiri kuwa chumba kipo, kibali kinatoka.

Mimi nikaona ni sheria nzuri, nikasema hivyo. Nikauliza ni vyumba vingapi vimewahi kupita.

"Hakuna," akasema Mpima Mkuu.

"Hata kimoja? Kwa nini?"

"Mvua. Mpangaji akitoka kwa sababu ya mvua, ameshuhudia kwamba paa linavuja, na chumba kinachovuja hakipewi kibali. Mwavuli nao ni ushahidi. Nailoni vilevile. Wote hutoka."

"Kwani wiki hizi za chokaa hupangwa lini?"

"Masika."

"Si mzipange kiangazi?"

Akanitazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu aliyekulia shamba. "Kiangazi ofisi iko likizo."

Basi. Siku iliyofuata watu wa ofisi walikuja na gunia la chokaa, wakapima, wakamwaga. Bi Mwanakheri na mimi tukakokota kitanda cha kamba, sanduku, na lile jiko la pili, tukaviingiza kwa pale palipoitwa mlango. Mimi nilipokuwa natoka, mawazo yangu kwingine, nikauruka mstari wa upande wa mashariki. Majirani waliokuwa wakitazama wakapiga kelele kwa pamoja.

"Amepita ukutani! Mungu wangu, mtu amepita ukutani!"

Nikaamriwa na Mkaguzi wa Sufuria kuuomba ukuta radhi. Nilisimama pale uani, mtu mzima niliyekwisha ona nchi za watu, nikauambia mstari wa chokaa nisamehe, sikukuona. Msicheke. Kama hamjawahi kuinamia kanuni ya kipuuzi ili mlale pazuri, basi hamjawahi kupanga.

Siku za mwanzo zilikuwa kavu, na nilianza kuwaelewa watu hawa. Walikuwa wakiziheshimu kuta za chokaa kuliko wanavyoziheshimu za mawe. Wachuuzi wa maandazi ya kugawa walizunguka pembe. Mbuzi tu ndio waliopita ukutani, na mbuzi hawana kiwanja. Sikudhani alipika, alifua, alichana nywele zake uani peupe mbele ya mtaa mzima, na mtaa mzima haukumwona. Wanawake wajawazito walikuja, wakaingia kwa mlango, akawapima tumbo kitandani, na wanaume waliokuwa barabarani wakageuza shingo kwa heshima.

Ila Bwana Badawi. Yeye alikuwa na kiti chake uani kwake, na daftari. Siku ya tatu akamvamia Mpima Mkuu aliyekuwa akipita.

"Mheshimiwa, pingamizi! Huyu binti ana jiko humo ndani, amepika pilau, na amekaa na nywele wazi!"

"Jiko linaruhusiwa ndani ya chumba chenye kibali cha majaribio," akasema Mpima Mkuu. "Lakini umelionaje?"

"Si nimeliona kwa macho yangu?"

"Kupitia dirisha?"

Dirisha lilichorwa upande wa pili, linatazama ukuta wa stoo. Kutazama kupitia ukuta kunaitwa kuchungulia, na Mstarini mchunguliaji hutozwa faini na jina lake husomwa sokoni. Lilisomwa siku hiyohiyo, kati ya bei ya ndizi na tangazo la mbuzi aliyepotea. Bi Mwanakheri alicheka mpaka akashika mguu. Mimi nilienda sokoni makusudi nikasikilize, na nilibaki mpaka waliposoma mara ya pili.

Halafu ikaja mvua.

Ilianza asubuhi, siku moja kabla ya wiki kwisha, na haikuwa manyunyu. Ilikuwa mvua ya masika yenyewe, ile ya kumwagwa kwa ndoo. Sikudhani alikuwa amekaa kitandani anashona. Aliinua uso mara moja, akaitazama mvua, kisha akaendelea kushona. Mstari mweupe ukaanza kulainika, ukawa kama maziwa, maziwa yakawa tope, na tope likakimbilia mferejini. Adhuhuri ilipofika hapakuwa na ukuta, hapakuwa na mlango. Palikuwa na uwanja wa matope, kitanda, sanduku, jiko lililozimika, na mwanamke aliyelowa chapachapa akitunga uzi kwenye sindano.

Mtaa mzima ulitoka na miavuli ukasimama barabarani. Nilishika shuka nimpelekee, Bi Mwanakheri akanizuia. "Shuka ni ushahidi," akasema. Nililia, sioni haya kusema. Nimelala vyumba vinavyovuja nusu ya maisha yangu, lakini sijawahi kumwona mtu akinyeshewa namna ile ili tu aambiwe ana haki ya kulala karibu na kazi yake.

Ndipo Bwana Badawi akasogea na mwavuli mkubwa mweusi na kikombe cha chai inayofuka. Nadhani alikuwa na huruma kidogo, na hesabu nyingi.

"Binti," akaita, "acha ukaidi! Utapata homa ya mapafu. Toka, njoo unywe chai."

Sikudhani akaweka sindano chini. Meno yalikuwa yakigongana lakini akayatuliza.

"Nitoke niende wapi, Bwana Badawi, na nje kunanyesha?"

Jamani! Watu waliokuwa barabarani walipiga kelele mpaka mbwa wakabweka. Bi Mwanakheri akatupa mwavuli wake, akachechemea matopeni, akauzunguka ukuta usiokuwepo, akaingia kwa mlango usiokuwepo, akaketi kitandani kando ya Sikudhani. "Nimekuja kukutembelea, mwanangu," akasema. "Sebule yangu inachosha." Wakakaa pale wawili, wamelowa, wanazungumza habari za watu, mpaka mvua ilipokatika alasiri.

Asubuhi ya hukumu Sikudhani alikuwa na mafua makali lakini yumo ndani. Mpima Mkuu alikuja na kamba yake na kitabu cha sheria, na nyuma yake watu wasiohesabika, hata wa Ng'ambo waliokuwa wamevuka daraja lilipofunguliwa tu. Bwana Badawi alisimama upande wa ua wake, kanzu imenyooka, uso wa mtu aliyelala vizuri.

"Mheshimiwa," akaanza, "simlaumu binti. Ni mvumilivu, Mungu ambariki. Lakini sheria ni sheria. Nioneshe mstari uko wapi. Nioneshe hata chembe ya chokaa."

Hakuna aliyeweza kumwonesha. Mpima Mkuu aliinama, akagusa tope, akainuka. Akafungua kitabu, akasoma kwa sauti ambayo haikumfurahisha hata yeye mwenyewe: chumba kipo pale jirani anapokiri kuwa kipo, na jirani akikana, hakipo. Nikamtazama Sikudhani, naye alikuwa akimtazama Bi Mwanakheri, na Bi Mwanakheri alikuwa akitazama nyumba yake, dirisha moja baada ya jingine, kama mtu anayeiaga.

"Bwana Badawi," akasema Mpima Mkuu, "wewe ndiye jirani. Unakiri au unakana?"

"Nakana! Hapa ni uwanja mtupu."

"Kukana hakufanywi kwa mbali. Kwa sheria, nenda ukasimame katikati ya huo uwanja, utamke neno lako hapo."

"Kwa furaha," akasema Bwana Badawi.

Akatoka pale uani kwake akaja. Kutoka aliposimama mpaka kitandani kwa Sikudhani ni hatua chache tu, moja kwa moja, na hakuna kitu njiani ila tope. Akaja kwa kasi ya mtu mwenye haki. Alipofika mahali palipokuwa na ukuta wa mashariki, akasimama. Sidhani alijua kwamba amesimama. Akageuka kushoto, akatembea sambamba na ukuta, bega lake akilikinga lisikwaruzwe. Akafika kwenye pembe, akaizunguka. Watu wakaanza kushikana mikono. Akafika penye mlango, akavua viatu vyake akavipanga pembeni, akakohoa kidogo kama anavyokohoa mtu mstaarabu, akainua mkono akaita:

"Hodi!"

Sikudhani akapangusa pua yake kwa upindo wa kanga, akaketi wima.

"Karibu, Bwana Badawi," akamjibu. "Karibu ndani."

Na yeye akaingia! Akaingia, akasimama katikati, akafungua kinywa atamke kwamba hapa ni uwanja mtupu. Hapo akaona miguu yake mitupu kwenye tope, na viatu vyake vimepangwa mlangoni, na uso wa kila mtu. Akageuka rangi.

"Mheshimiwa," akasema, "hayo ni mazoea tu, ulimi uliteleza..."

"Mtu habishi hodi uwanjani," akasema Mpima Mkuu. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue sauti yake ilikuwa na damu. "Jirani amezunguka ukuta. Jirani amevua viatu. Jirani amebisha hodi akakaribishwa, na amekaribishwa na nani? Amekaribishwa na mwenye chumba. Ofisi imeshiba ushahidi."

Akakipiga kibali muhuri juu ya goti lake, palepale. Vigelegele! Wanawake wa mtaa ule, ambao karibu wote walikuwa wamezalishwa na Sikudhani, walivipiga mpaka Ng'ambo wakajibu. Wanaume walimbeba Bi Mwanakheri na mguu wake mbovu, naye akiwapiga mabegani akiwaambia wamshushe, wajinga wakubwa. Fundi mmoja wa Ng'ambo alikuwa tayari amekwenda kuleta mawe. Wenye nyumba wengine, niliwaona kwa macho yangu, walikuwa wakinong'onezana wapi chokaa inapatikana kwa wingi. Hata binti wa Bwana Badawi alikuja na yule mtoto mgongoni, akampita baba yake bila kumtazama, akaingia, akamweka mtoto kitandani kwa Sikudhani. Mimi niliimba. Siwezi kuimba, lakini niliimba.

Tulijazana chumbani humo wote, ofisi, majirani, wapangaji wa sufuria moja, wengine tumekanyaga sanduku. Sikudhani alivumilia kwa muda. Kisha akainuka kitandani, akachukua ufagio, akapiga chafya.

"Waheshimiwa, ahsanteni sana," akasema. "Sasa tokeni nje, nataka kufagia chumba changu."

Mpima Mkuu akainamisha kichwa, akatangulia. Na sisi sote, umati mzima, katika uwanja ule ulio wazi pande zote nne, tukapanga mstari tukatoka mmoja mmoja kwa mlango.